Njia ya Miwani

Sijawahi kuona bango la saloni lenye mwanamke aliyevaa miwani. Nimeyatazama mengi, maana hapa Goma saloni inaweza kukosa maji lakini haikosi bango. Wanawake wamepangwa kwa safu, kila mmoja na mtindo wake: rasta ndefu, rasta fupi, mistari ya kurudi nyuma, mafundo juu ya utosi. Wote wana macho wazi na mashavu ya kung'aa, na hakuna hata mmoja mwenye kitu puani. Msusi anakunyooshea kidole ukutani na kukuambia uchague. Nichague nini? Wale si jamaa zangu. Wale hawana mikono miwili ya waya inayotaka kupita juu ya masikio kila siku ya Mungu, na mimi ninayo tangu enzi za kung'oka meno ya utotoni.

Asiyevaa miwani hajui kwamba nywele na miwani vinagombana. Vinagombana sana. Ukisuka rasta nene pembeni, mikono ya miwani inakosa pa kupita, inapanda juu ya nywele, na vioo vinasimama mbali na macho. Ukiacha nywele ziangukie paji la uso, zinapaka vioo mafuta, na kutwa unafuta kwa pindo la blauzi. Ukirundika mafundo makubwa juu, uso unapotea, na watu wanakusalimu wakitazama vioo. Ukivaa peruki, yaani wigi, inateleza upande huu na miwani inateleza upande ule, nawe katikati unashika vyote viwili. Tena vioo vyangu si vile vyembamba vya watu wa ofisini. Ni vinene, vya kukuza, kwa sababu macho yangu hayaoni vitu vya karibu. Vinayafanya macho yangu yaonekane makubwa mno. Shuleni waliniita bundi, nikakasirika mwaka wa kwanza, kisha nikawa naitika.

Aliyejua kunisuka alikuwa mtu mmoja tu, mama yangu.

Mama alikuwa msusi, lakini hakuwa na saloni wala bango. Alisukia barazani, mbele ya nyumba yetu ya mbao huko Mabanga, juu ya yale mawe meusi ya volkano ambayo kila nyumba ya mtaa wetu imeyakalia. Yeye alikaa kwenye kigoda, mteja akakaa chini kwenye mkeka, kichwa kati ya magoti ya mama. Alikuwa amekuja mjini kutoka Butembo akiwa bibi harusi, na baba alipokufa, vidole vile ndivyo vilivyotulisha.

Kichwa changu alikisuka kwa namna ambayo sijaiona kwa msusi mwingine. Juu ya kila sikio alipitisha mstari mmoja mwembamba, umelala kabisa, bila nywele za kuongeza, na chini yake akaacha uchochoro mdogo wa ngozi tupu unaozunguka hadi nyuma ya sikio. Mkono wa miwani ulipita hapo, na ule mstari wa juu ukaushikilia usicheze. Aliuita njia. "Ngoja nikufungulie njia," alikuwa akisema, na hapo nilijua tumefika pembeni. Miwani iliyokaa kwenye njia ya mama haikuteleza hata ukiinama kuokota mkaa. Niliwahi kukimbia kutoka shuleni na mvua ikininyeshea, nikifikiria begi na viatu, lakini miwani sikuifikiria kabisa.

Nimewahi kuikosa njia hiyo mara moja nikiwa mtoto, wakati wa kilio cha baba. Kwetu mtu akifa, walio wake wananyoa. Mama alinyolewa na shangazi zangu, kisha mimi nikanyolewa na mama mwenyewe. Siku ya maziko miwani ilikuwa inashuka puani kila nikiinamisha kichwa, na kila nikilia ilishuka zaidi, maana pua ilikuwa imelowa. Shangazi mmoja aliniambia niivue, nimheshimu marehemu. Mama akasema niachwe. Wiki zilipopita na nywele kuota za kushikika, kitu cha kwanza alichonisuka kilikuwa mistari miwili tu, mmoja kila upande, juu ya masikio. Kichwa kilichobaki kilikuwa kama cha mvulana. Nilichekwa sana mtaani, lakini miwani ilikaa.

Ili usukwe ni lazima uvue miwani, hilo halikwepeki. Kwa hiyo miaka yote nimesukwa nikiwa sioni lolote la karibu, nikitazama ukungu wa magoti yangu mwenyewe. Zamani niliiweka miwani kando ya mkeka, hadi siku mteja mmoja mnene alipoikalia. Tangu hapo mama alikuwa akiniambia, "Toa lineti, leta hapa," akaivaa yeye. Lineti ndilo jina la miwani nyumbani kwetu. Aliivaa eti isikaliwe tena. Majirani walicheka kumwona na macho makubwa, wakamwita mama bundi, naye akawaangalia kwa makusudi, mmoja mmoja, ili wacheke zaidi. Nilipenda zile Jumamosi. Nilikua, nikaanza kazi katika duka la dawa huko Keshero, na bado kila baada ya wiki kadhaa nilirudi kukaa kwenye ule mkeka kama mtoto.

Sasa niseme jinsi mambo yalivyoanza kuharibika, maana yaliharibika polepole na mbele ya macho yetu.

Wateja walianza kulalamika. Binti mmoja wa Katoyi aliyekuwa anajiandaa kwa sherehe ya mahari ya dada yake aliangalia kwenye kioo cha mkononi, akaona mstari wa katikati umeanza kwenye paji la uso na kuishia karibu na sikio. Mama alimwambia, "Kichwa yako njo haiko sawa. Iko na pembe." Tulicheka, na binti naye akacheka, ila hakurudi. Mwingine aligundua rasta nene zimechanganywa na nyembamba. Mwingine alikuta sehemu nzima ya kisogo imeachwa bila kusukwa, akaambiwa ndiyo mtindo mpya. Mama alikuwa hodari wa maneno, na kwa muda maneno yalimfaa.

Kilichowachoma wateja si mistari iliyopinda, bali kichwa changu. Kichwa changu kiliendelea kuwa safi, mistari imenyooka, njia ziko mahali pake, wote wanaona. Jumamosi moja jirani yetu, mwanamke wa Masisi aliyekuwa amesukwa na mama tangu ujana wake, alisimama barazani mikono kiunoni. Mimi ndio kwanza nilikuwa ninainuka kwenye mkeka.

"Mama, angalia kichwa ya mutoto yako, kisha angalia yangu," alisema. "Juu ya mutoto yako unafanya muzuri. Siye, unafanya bile unapenda. Kama unachoka na siye, sema, tutaenda kwa bengine."

Nilingoja mama amjibu. Mama ambaye angeweza kumnyamazisha muuza samaki sokoni alikunja mkeka tu, akasema, "Ni mutoto yangu. Mulitaka nimusuke mubaya?"

Basi habari zikazagaa Mabanga kwamba mama ana choyo cha mkono, kwamba ubora anamwekea binti yake na wateja anawapa makombo. Nilichukia. Nilikuwa na hasira na yule jirani hata tukipishana mtaani nilitazama pembeni. Lakini kwa ndani, nisiseme uongo, nilifurahi kidogo. Nilidhani kweli mama ananipenda kiasi hicho, kwamba vidole vyake vinajua kichwa ni cha nani.

Kisha skrubu ya miwani yangu ikalegea. Niliiacha kwa fundi asubuhi, nikaenda Mabanga nikiwa na wazo kwamba kusukwa hakuhitaji miwani, hivyo nitumie nafasi hiyo. Nilikaa kwenye mkeka na mama akafumua nywele zangu, akazichana. Halafu mkono wake ukaja mbele ya uso wangu, umefunguka.

"Leta lineti."

"Sina leo, mama. Iko kwa fundi."

Mkono ulikaa pale. Niliuona kama ukungu wa kahawia, hauondoki. Mwishowe ukarudi, nikasikia ncha ya kitana ikigusa utosi wangu, ikainuliwa, ikagusa tena mahali pengine, ikainuliwa. Hakuchora mstari. Barazani kulikuwa na joto na mtoto wa jirani alikuwa anagonga sufuria.

"Mukono inaniuma," alisema. "Tutafanya siku lineti itarudia."

Hapo ndipo nilipoelewa, na sikuhitaji kuambiwa zaidi. Hakuwa anaivaa ili isikaliwe. Pengine ilianza hivyo, lakini sasa ile miwani yangu ya kukuza ndiyo ilikuwa inampa kile kidogo cha kuonea, na aliipata tu siku kichwa kilichokuwa mbele yake kilikuwa changu. Wateja wengine walikuja na macho yao mazima na hawakuwa na cha kumwazima. Nilimuuliza kwa nini aliacha watu wamseme vibaya mtaa mzima.

"Heri baseme niko na choyo," alinijibu. "Nani atapana kichwa yake kwa kipofu?"

Nilimpeleka kwa daktari wa macho. Alikataa, akaja, akakataa tena mlangoni, nikamvuta mkono. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwangalia jicho moja, akaliangalia la pili, akarudi kwenye la kwanza, na mimi ninayefanya kazi kwenye dawa najua maana ya daktari kurudia.

"Mama, ni tansion ya macho," alisema, yaani presha ya ndani ya jicho. "Imekaa siku mingi. Yenye ilishaenda haitarudia. Tutajaribu kuchunga yenye inabakia."

"Na lineti?" mama aliuliza. "Ya mutoto inanisaidia."

"Inakuza tu, mama. Kama hakuna ya kukuza, lineti haitafanya kitu."

Alimwandikia matone. Matone hayo tunayauza dukani kwetu, yaani tunayauza yanapokuwepo. Tangu ndege ziache kutua kwa sababu ya vita na mizigo kuanza kuzunguka kwa njia ndefu, rafu ile inakaa tupu kwa vipindi, na mimi ndiye ninayesimama mbele yake na kuwaambia watu warudi wiki ijayo. Nilimfichia mama chupa kila zilipokuja. Zilipokosekana sikuwa na la kuficha. Nakumbuka nilivyokuwa nikipangusa ile rafu tupu, naipangusa na kuipangusa, mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimemwaga kitu.

Wateja waliisha. Hawakuondoka kwa ugomvi, waliacha tu kuja. Yule jirani wa Masisi alipita na kichwa kilichosukwa saloni, akamsalimu mama kwa heshima zote, na mama akamjibu kwa furaha bila kujua kichwa kile kimesukwa na nani. Nilimwomba mama niieleze mitaani ile habari ya macho, watu waache kumwita mchoyo. Alikataa katakata. Mkeka ukabaki umekunjwa ukutani hadi nije mimi. Akawa na kichwa kimoja tu duniani, na kilikuwa hiki changu.

Nacho kikaanza kumshinda. Alivaa miwani yangu, akainama mpaka nikahisi pumzi yake kwenye ngozi, na bado mistari ikaanza kutangatanga. Njia ya kushoto ilikuwa nzuri, ya kulia ikazibwa. Miwani ikakaa upande. Nikawa ninasoma maandishi ya chupa za dawa nikiwa nimeinamisha kichwa, na mteja mmoja akaniuliza kama shingo inaniuma. Nilifunga kitambaa. Nilijaribu peruki, ikawa ni ule ugomvi wa siku zote. Nikienda kwa mama nilivua vyote hivyo mlangoni, ili mama akinigusa akute kazi yake. Alikuwa anapitisha vidole juu ya mistari, polepole, na kila safari alifika kwenye sikio la kulia akasimama.

"Hapa nilikosea," alisema siku moja.

"Kidogo tu, mama."

"Usinidanganye. Sijakuwa mutoto."

Mara ya mwisho alianza vizuri. Alichora mstari wa kwanza, akausuka hadi mwisho, akachora wa pili. Wa tatu uliuparamia wa pili. Akaufumua, akaanza upya, ukauparamia tena. Kitana kilinikwaruza sana nyuma ya sikio, nikajikaza nisitikisike. Hakuwa amekosa nguvu. Alikuwa anavuta kwa hasira, na hasira yenyewe haikunilenga mimi. Mwishowe akaweka mikono yake miwili juu ya kichwa changu, nusu kimesukwa nusu kimetimka, akaiacha hapo.

"Enda kwa mwengine," alisema. "Mi nimemaliza."

Nilienda. Ilibidi, siwezi kusimama dukani na nusu kichwa. Saloni ilikuwa Keshero, karibu na kazini, na bango lilikuwa pale, na wale wanawake wasio na miwani walikuwa pale. Msusi alikuwa binti mwenye jeli hadi kwenye viwiko. Nilimweleza habari ya njia. Nilimwonyesha kwa kidole, hapa juu ya sikio, mstari mwembamba, chini yake uache wazi. Akasema, "Ndiyo, mama, nimesikia," akasuka vile anavyosuka wote, akajaza nywele pembeni hadi kwenye ngozi ya sikio. Nilipovaa miwani ikapanda juu ya rasta na kukaa huko. Nilijitazama kwenye kioo chao kirefu. Sikukasirikia mistari, mistari ilikuwa imenyooka kuliko ya mama ya siku zile za mwisho. Nilikasirika kwa sababu kilikuwa kichwa cha mtu yeyote.

Na nilijua mama atanigusa. Hakuwa anauliza tena habari zangu kwa kuniangalia, alikuwa anauliza kwa mkono. Angepita juu ya ile mistari ya mgeni, nywele za kununua, pembeni pamezibwa, na angenyamaza. Ile picha ya yeye kunyamaza sikuiweza. Hivyo niliomba zifumuliwe zote palepale, yule binti akaniona nina wazimu, kisha nikavuka barabara kwa kinyozi wa wanaume na kumwambia anyoe.

Nilijiambia nimepata jibu. Nywele fupi, mashine tu, hakuna msusi wa kuchagua wala bango la kutazama. Hakuna aliyechukua nafasi ya mama kwenye kichwa changu, wala mama hatajitesa tena na mistari. Niliona ni akili. Nilitembea hadi Mabanga jua likiwa kali, na kichwa kilikuwa chepesi, na miwani ilikuwa inashuka puani. Niliisukuma kwa kidole. Ikashuka. Niliisukuma tena mbele ya wauza makaa, na tena kwenye kona ya nyumbani. Nilikuwa nimesahau kwamba ilishawahi kunishuka hivyo.

Mama alikuwa barazani, kwenye kigoda chake, mikono mapajani. Alitambua hatua zangu.

"Ulienda?" aliuliza.

"Nilienda."

"Kuya nione."

Nilikaa chini mbele yake, bila mkeka, kwenye mawe. Mkono wake ulishuka taratibu, ukapapasa hewa kidogo pale nywele zilipopaswa kuanza, kisha ukagusa ngozi. Haukunyamaza kama nilivyoogopa. Ulipita kichwa kizima haraka, utosi, kisogo, sikio hili na sikio lile, ukitafuta mahali pa kushika. Nilisikia pumzi yake ikibadilika.

"Ni nani alikufa?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Kinyozi sikumweleza, mimi mwenyewe sikujieleza, na njia nzima kutoka Keshero halikunipitia. Kwetu mwanamke haendi tu kunyoa.

"Hakuna mutu, mama."

"Usinifiche. Ni nani?"

"Hakuna mutu alikufa. Bote bako. Nilinyoa tu, sababu..."

Kisha mkono wake ukaja mbele ya uso wangu, umefunguka, kama siku zote.

"Leta lineti."

Nilivua nikampa. Nilisikia akiivaa, mikono ya waya ikipita kwenye nywele zake mwenyewe. Akakishika kichwa changu kwa viganja viwili, akakigeuza kuelekea kwenye mwanga, akainama karibu kabisa. Alikaa hivyo akitafuta cha kuona.

"Basi mwenye alikufa ni miye," alisema.

Niligeuka kumtazama. Alikuwa karibu mno, na miwani alikuwa nayo yeye, kwa hiyo sikuuona uso wake.